Pete ya Mguuni Mbele ya Guruji

Pune, India

Kwa Baba, jathum, mpiga nyatiti wa Asembo Bay,

Salamu nyingi, Mzee. Goti linaendeleaje? Na Mama, bado anagombana na kunguru juu ya omena anazoanika? Mimi ni mzima, nimenenepa kwa chapati. Najua tungeongea kwa simu, lakini kuna kitu hapa ambacho simu haibebi, kwa hivyo vumilia mwandiko wangu.

Sijasahau ulichosema nikiondoka: kwamba naacha nyuzi nane za nyatiti yetu naenda kuwa mtoto wa mtu mwingine. Maneno hayo yameniuma mwaka mzima. Alfajiri nikikaa na sitar yao ya nyuzi nyingi kupiga raga ya Bhairav, muziki ambao huku ni wa asubuhi tu, nakusikia ukinung'unika.

Sasa sikia kituko. Alhamisi iliyopita Guruji, mwalimu wangu, alikuwa anifunge uzi mwekundu mkononi. Huku ukishafungwa uzi ndiyo umekuwa mwanafunzi kweli. Kabla ya hapo wewe ni mgeni tu. Jumatatu ya wiki hiyo, tukinywa chai, akasema, "Hebu tupigie muziki wa kwenu." Nikafurahi kama mjinga. Nikaleta nyatiti uliyonichongea, nikavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, nikaanza. Vidole kwenye nyuzi, mguu unagonga ubao wa nyatiti, vile ulinifundisha.

Wanafunzi wenzangu wakaukodolea macho mguu wangu. Guruji akaweka kikombe chini, akatoka.

Baba, huku mguu ukigusa ala ya muziki hata kwa bahati mbaya, unaiomba msamaha: unaishika, kisha unagusa paji la uso. Mimi nilikuwa nimeipiga teke mara hamsini huku natabasamu.

Siku mbili hakunisemesha. Nililia, sikufichi. Jumatano nikamfuata barazani, nikamwambia, "Guruji, baba yangu huosha mguu huo kabla ya kuuvalisha pete. Kwetu mguu ndio ngoma. Ukiuondoa, wimbo unachechemea."

Akaniangalia sana. "Basi osha," akasema, "unipigie tena."

Nikaosha. Nilipoanza akafumba macho, na mkono wake ukaanza kuhesabu mapigo pajani. Nilipomaliza alicheka mpaka miwani ikaanguka. Huku mpiga sitar hukaa na mwenzake wa tabla, zile ngoma zao mbili ndogo. Akasema, "Baba yako ana bahati. Mpiga tabla wake yuko mguuni, hachelewi mazoezi."

Alhamisi ikafika. Mbele ya wote akauliza ni nani alinifundisha mapigo kwanza. Nikasema ni wewe. Akachukua ule uzi, akaukata vipande viwili. "Mtoto huyu ana mwenyewe," akasema. "Siwezi kumchukua. Naomba tu tumfundishe wawili."

Furaha ile haijanitoka hadi leo, Baba.

Msalimie Mama. Shangazi wa Otonglo mwambie sukuma wiki yake naiota. Na ukipita Kisumu, yule mama mzee aliyenionyesha sitar mara ya kwanza mpe habari kwamba nimefungwa uzi. Atakupikia chai ya tangawizi, usikatae.

Kipande kimoja kiko mkononi mwangu. Kingine kiko ndani ya bahasha hii, ni chako. Nilimuuliza Guruji ukifunge wapi. Akasema mkono wa kulia. Mguu una pete yake tayari.

Mimi mtoto wako, wako bado,
Ochieng'