Wageni Wamekula Mbegu Namba Kumi na Saba

Mpendwa mshauri wetu Mama Bouakham, shikamoo, naomba unisaidie kabla mvua hazijaanza. Mimi ni mkwe niliyehamia kwa wazazi wa mke wangu huku milimani mkoani Houaphanh, na kwa miaka miwili nimeajiriwa kwenye mradi wa nchi yetu na Vietnam wa kutafuta mipunga ya zamani inayostahimili ukame, kazi yangu kupima mashina, kujaza daftari na kutafsiri, kwa kuwa Kivietinamu nilikisoma shuleni, na mpunga ulioishinda mingine yote ni namba kumi na saba, wa mama mkwe wangu, Mama Onchanh, ambao mwaka juzi jua lilipochoma kila kitu wenyewe ulibaki kijani.

Basi mwaka jana, zikiwa zimebaki wiki mbili tuvune, tukaambiwa Daktari Nguyet anakuja kutoka Hanoi na wenzake watano, nikashuka mjini kuwapokea, na niliporudi nao nikakuta kile kipande cha majaribio tulichopanda namba kumi na saba kimekatwa chote kikiwa kibichi, na ndani ya nyumba pepeta, yaani mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, imejaa masinia, inanukia, mama mkwe anatabasamu. Nikamvuta pembeni, "Mama, huu umekata wapi?" Akasema, "Pale penye kibao cha mradi wao. Watu wametoka ng'ambo ya mpaka, ulitaka niwape mchele wa dukani? Aibu hiyo ungeibeba wewe?" Sasa mshauri, ningesema nini, mkwe hamfokei mama mkwe mbele ya wageni, tukawafunga nyuzi nyeupe za baraka mikononi, wakala, Daktari Nguyet akaongeza mara ya tatu akauliza ni mpunga gani huu mtamu hivi, mama akajibu kwa fahari, "Mwambie ni huo huo aliokuja kuutafuta," na mimi nikatafsiri, "Anasema karibuni sana, jisikieni nyumbani."

Mavuno yalipofika nikachukua mbegu za shamba la jirani, nikajaza mfuko, nikaandika namba kumi na saba, na vipimo nikavitunga. Juzi barua imekuja kwamba mbegu hiyo itapandwa na kaya arobaini, ishirini kwetu na ishirini kwao, kwenye miteremko mikavu, na mimi nimechaguliwa kwenda kusoma Hanoi mwaka mzima. Ule mpunga wa jirani haustahimili hata wiki mbili za jua. Nikisema, masomo yamekwenda na mama mkwe anaaibika nchi mbili, nikinyamaza, watu watalala njaa kwa ajili yangu. Hata mke wangu hajui. Nifanyeje?

Saythong

Saythong mwanangu, marahaba. Nimecheka mpaka miwani ikanidondoka, kisha nikafika kwenye zile kaya arobaini na kicheko kikakatika.

Mama yako mkwe muache kabisa. Hata mimi ningeukata. Nani alimweleza maana ya kile kibao? Miaka miwili unapima mpunga wake, unalala kwake, unakula kwake, na hukupata hata dakika ya kumwambia huu usiliwe? Halafu unaita heshima! Hiyo ni hofu, baba, na wala sikulaumu kwa kuogopa. Nakulaumu kwa ule mfuko.

Leo hii, kabla hujala, mpigie Daktari Nguyet. Usimwandikie, mpigie, asikie sauti yako. Mwambie mifuko isigawiwe, mwambie na sababu, bila kumsingizia mtu. Vipimo ulivyotunga vifute mbele ya msimamizi wako, uandike ukweli: ulivunwa mbichi, wageni wakaula. Huenda masomo ukayakosa. Yatakuuma, najua, lakini hakuna punje iliyoingia ardhini bado, kwa hiyo hili linatengenezeka.

Halafu kaa na Mama Onchanh umuulize swali ambalo hukumuuliza mwaka mzima. Hivi kweli unadhani mwanamke aliyeutunza mpunga tangu enzi za mama yake angekata kipande chote, tena kwa furaha, kama hana mbegu nyingine ghalani? Wewe ulikimbilia kwa jirani na ghala huenda liko hatua chache tu kutoka unapopashia chai! Mwache achague mwenyewe siku ya kulifungua, aite roho ya mpunga kimila kama anavyojua, na mfuko aujaze kwa mikono yake.

Kuhusu aibu yake, aibu ipi? Mtaalamu mzima kaongeza mara tatu. Mkulima wa ng'ambo naye atataka kujua kama mpunga unafaa kwa pepeta, na hilo kwenye daftari lako halimo.

Wakija tena, mama yako mkwe akifungua mdomo, tafsiri alichosema.