Zefania wa Ulemo, Aliyemkamata Shemeji Yake na Mgeni wa Bwana

Mwaka umezunguka, Baba Lea, tangu wanaume wa Ulemo walipokuleta nyumbani kutoka mbuga ya Wembere. Walikubeba kwa zamu juu ya machela ya miti, umefunikwa blanketi la Idrissa, askari mwenzako. Uwele ulikuwa umeanza kutoa masuke. Mwaka huu nao umetoa, ndege wanaushambulia, na hakuna wa kuwafukuza kwa sauti kama yako.

Ulikuwa askari wa nyama wa serikali, mlinzi wa wanyama wa porini. Kaptula yako ya kaki uliifua mwenyewe, ukaianika juu ya ua wa minyaa, wala hukukubali mtu aikunje. Kanisani uliimba sauti ya nne kwa nguvu mpaka mwalimu wa kwaya akakusihi upunguze. Ukapunguza ubeti mmoja tu.

Tembo walipoingia mashambani ulitoka wa kwanza na kurudi wa mwisho. Lakini nyama ya porini hukuila, hata ile ya halali uliyogawiwa. Ulisema, "Nikila, watu watanusa mikono yangu."

Wengi walikuogopa, na wengine walikuchukia. Chuki ilifika hadi kwetu mwaka ule wa njaa, ulipomkamata Isaka, kaka yangu. Alikuwa ameua pofu, yule swala mkubwa, kwa mishale, na nyama ulimkuta nayo ndani, imetundikwa juu ya moshi. Nilikuwapo. Nilisikia mlivyosemezana.

"Shemeji," Isaka alisema, "watoto hawajala tangu juzi."

"Najua, shemeji. Vaa shati, twende."

"Wewe hutaona aibu mbele ya dada yangu?"

"Naona aibu sasa hivi. Lakini nikikuacha wewe, kesho nitamkamata nani?"

Bomani ulisimama ukamweleza hakimu kwamba mtu huyu alikuwa na njaa, si mfanyabiashara wa nyama. Hakimu alisema sheria haiulizi tumbo. Isaka akafungwa miezi sita, akawa anaponda mawe ya barabara.

Miezi yote ile ulilima shamba lake. Ulirudi kutoka porini, ukavua kaki, ukashika jembe, ukapalilia mtama wa mtu uliyempeleka gerezani. Mama yangu alikuwa akikutazama kutoka mlangoni. Ulimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akageuza uso. Kesho yake ulimwamkia tena. Hukuacha hata siku moja, na hakuitikia hata siku moja.

Kisha akaja yule mgeni.

Alikuja kutoka mbali kumtembelea bwana mkubwa wako wa bomani, akachukua motokaa kwenda Wembere kuwinda. Alipiga nyati wawili akiwa ndani ya motokaa, jambo ambalo wewe ulituambia kila mara kwamba ni marufuku kwa kila mtu, mweupe na mweusi. Mmoja alianguka. Mwingine alijeruhiwa akakimbilia kwenye matete. Wewe na Idrissa mlifika moshi wa bunduki ukiwa bado unanuka.

Mengine ametusimulia Idrissa. Ulipiga saluti, ukaomba kuona leseni. Mgeni akacheka. Hakuwa nayo.

"Basi, bwana, naomba bunduki."

Idrissa alikunong'oneza, "Zefania, acha, tuna watoto." Wewe ulinyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa wake, ukangoja. Mgeni alishangaa mno hata akakupa. Ukaibeba bunduki ile mpaka bomani kwa miguu, kwa sababu katika motokaa hukukaribishwa.

Bwana mkubwa alikutana nawe barazani.

"Zefania, huyu ni mgeni wangu."

"Isaka alikuwa shemeji yangu, bwana."

Mgeni alirudishiwa bunduki yake na kuombwa radhi mbele yako. Walimkaribisha chai. Na walipokuwa wakinywa chai hiyo, karani akaitwa amwandikie leseni ya kuua nyati wawili, na mmoja wao fisi walikuwa wamekwisha kumla.

Asubuhi yake ukaamriwa ukammalize yule aliyejeruhiwa, maana wanawake walikuwa wakipita karibu na matete yale kwenda kuchota maji. Uliuliza swali moja tu: "Sheria inasema aliyempiga ndiye amfuate. Yuko wapi?" Ukaambiwa amechoka na safari, asisumbuliwe.

Ulipita nyumbani kuchukua maji. Nilikuambia usiende. Ulisema, "Mama Lea, wale wanawake hawakuniudhi." Ukaenda.

Mlizifuata alama za damu mpaka zikapotea. Nyati alikuwa amezunguka nyuma yenu, kama nyati mwenye jeraha afanyavyo. Bunduki ya serikali, ile kuukuu uliyoililia kila mwaka ibadilishwe, haikulia. Idrissa alimuua nyati, lakini kwako alikuwa amechelewa.

Isaka ndiye aliyekuosha. Alimwondoa kila mtu chumbani, akakuosha peke yake kwa mikono ile ile iliyochubuka kwa mawe. Alipotoka alisema, "Mimi alinifunga kwa haki. Hawa walimuua kwa nini?" Mchungaji aliinamisha kichwa.

Baada ya maziko serikali ilituma mtu. Tulidhani amekuja kutupa pole. Alikuja kuchukua mkanda, kofia na viatu. Kaptula yako ya pili aliikuta juu ya minyaa ulipoianika, akaichukua pia. Na pembe za nyati aliyekuua, Baba Lea, hazikuletwa hapa, wala hazikubaki bomani. Zilisafishwa zikapelekwa kwa mgeni, kwa kuwa leseni ilisema nyati ni wake.

Watu hutuambia tusiseme sana, tumwachie Mungu. Mungu tumemwachia. Lakini haya hatukuyapata kwa Mungu, na tutayasema.

Mwezi uliopita mjumbe kutoka bomani alikuja kumwita Stefano, mwanao, achukue kazi yako. Alisema serikali inakumbuka uaminifu wa baba yake. Stefano alimpa kiti, akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwuliza:

"Nikimkuta mgeni wa bwana porini, nifanye nini?"

Mjumbe alitazama chini. Akasema, "Utatumia akili, mwanangu."

"Basi waambieni nimekataa," Stefano alisema, akamsindikiza mpaka njiani.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Damari. Wanao Lea, Stefano na Luciana. Shemeji yako Isaka na watoto wake, waliokula mtama ulioulima. Na rafiki yako Idrissa, aliyeacha kazi wiki ile ile. Maadamu tunapumua, Zefania, hutasahaulika katika nyumba hii.