Baba wa Bibi Harusi Amegoma Kumeza Vidonge

Shikamoo Bibi Doris. Naomba unisaidie, maana nimebanwa huku na huku na hapa nyumbani hakuna wa kumwambia. Nina genge la vitunguu hapa Mikumi, na mume wangu Lazaro ni fundi cherehani, mtu mcheshi kabisa, lakini tangu masika alikuwa anakonda, akilala anatoka jasho, tumbo upande wa kushoto limejaa, tukadhani ni malaria sugu, kumbe hospitali kubwa wakasema ni saratani ya damu, wakachukua damu nyingine ikapimwe vinasaba, majibu yakasema kromosomu mbili zimebadilishana vipande, na daktari badala ya kusikitika akafurahi, akasema hiyo ndiyo aina yenye dawa yake, kidonge kila siku pamoja na chakula, na wengi wanaokimeza vizuri wanaishi miaka mingi wakifanya kazi zao. Tulirudi tumechangamka, Bibi, mpaka tukanunua soda.

Sasa binti yetu Lightness ameposwa na kijana wa Kisanga, Elia, na unajua wazee wetu, hawatoi mahari kabla hawajauchunguza ukoo, kama kuna kifafa, kama kuna wazimu, na shangazi yake Elia, Tumwagile, ameshaanza kuja gengeni, ananunua kitunguu kimoja anauliza maswali kumi. Lazaro anasema vinasaba ni mambo ya ukoo, yakijulikana mtoto hataolewa, kwa hiyo vidonge amevificha kwenye mfuko wa vitambaa na ameapa hatameza hata kimoja mpaka ndoa ifungwe, maana nyumba imejaa wageni na atamezaje mbele ya macho yao, nikimsihi ananiambia, "Mama Lightness, niache nimuoze mwanangu kwanza," na mimi naogopa kumpoteza na naogopa kumharibia mtoto, na wakati mwingine nawaza labda hata Lightness anayo hiyo kasoro na tunamdanganya mtoto wa watu. Nifanye nini?

Mama Lightness, Mikumi

Marahaba, Mama Lightness. (Wasomaji, majina nimeyabadilisha, kwa hiyo msianze kutazamana hapo Mikumi.) Pole kwa ugonjwa, hongera kwa posa, na sasa niruhusu niwagombeze kidogo.

Kabla ya kukujibu nimemuuliza daktari wa damu, maana kwenye ndoa mimi ni mzoefu, kwenye kromosomu bado mwanafunzi. Anasema mumeo hakuzaliwa na mabadiliko hayo. Yametokea ukubwani, kwenye chembechembe za damu zinazotengenezwa ndani ya mifupa, na yamebaki humo humo. Hakuyarithi kwa baba yake, hajamrithisha Lightness, na wajukuu hawatayapata. Shangazi Tumwagile akiuchunguza ukoo wenu mpaka kwa Adamu, hatayakuta. Kipimo kile kilifanywa ili daktari ajue dawa ipi inamfaa, na dawa yenyewe mnayo, imelala kwenye vitambaa.

Lazaro, najua gazeti hili unalisoma ukingoja pasi ipate moto. Wewe ni fundi, unajua mshono ukianza kufumuka haungoji sikukuu ipite. Ugonjwa huu ukiachwa bila dawa hugeuka mkali, na hapo kidonge hicho huenda kisitoshe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Unataka Lightness aje kukuzika hina haijamtoka mikononi?

Mama Lightness, mpigie simu daktari wake leo, mwambie ukweli kwamba hajaanza, na uulize lini arudi kupimwa damu. Halafu Jumapili mwite Tumwagile aje ndani, umpikie, na Lazaro mwenyewe amweleze ugonjwa wake na ameze kidonge mbele yake, sahani ya wali mkononi. Akiwa na shaka, afuatane nanyi kliniki akaulize mwenyewe. Kama watu wa Kisanga watavunja posa kwa sababu baba anajitibu, mshukuru Mungu mmewajua mapema. Ila sidhani. Mtu anayenunua kitunguu kimoja kimoja anatafuta tu kukaribishwa chai.

Lakini kidonge cha kwanza kisimngoje Tumwagile. Harusi inaweza kusogezwa, gauni linaweza kushonwa upya, wageni wanaweza kunong'ona wakachoka. Baba Lightness ni mmoja. Daktari akishakujibu kwenye simu, songa ugali, mtengee, ukae hapo hapo mpaka ameze.