Ndiyo Yangu na Kijiji cha Vaurelles

Jumamosi, 9 Aprili 2016

Miguu si yangu leo. Baba, yaani bosi wangu, amenunua nyumba Ufaransa! Si Paris — kijijini, mahali panaitwa Vaurelles. Alitandaza ramani juu ya meza niliyokuwa napangusa, akatuonyesha kwa kidole: mto huu, kilima hiki, nyumba ndiyo hii. Kijiji kizima hakifiki watu mia mbili. Watoto walinuna, wao walitaka bahari. Madam akanigeukia. Roza, baada ya Idi utakuja nasi mpaka Septemba, sawa? Nikasema ndiyo, madam.

Mimi na huu mdomo wangu!

Jumatano, 13 Aprili

Mkataba wangu unaisha Julai. Agosti, kwetu Vihiga, wanajengea kaburi la mama. Mama alikufa Desemba, madam hakunipa ruhusa, nikamzika kwa picha za simu. Na kwetu mtoto aliyekosa mazishi lazima aje atupe udongo wake kwa mkono kabla saruji haijamwagwa. Udongo hautumwi. Ndugu zangu wote walishatupa. Nimebaki mimi.

Haki ndiyo yangu haikuwa ndiyo! Nilikuwa naitikia tu. Kwetu mkubwa hakatazwi usoni. Unakubali kwanza, kesho yake unamtuma shangazi akaseme polepole kwamba kuna kashida kadogo, na mkubwa anaelewa. Sasa hapa Naseem, ugenini kwa Waarabu, shangazi nimtoe wapi? Madam ameshawatangazia dada zake wote kwamba Roza anakuja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ijumaa, 22 Aprili

Baba anasema watu wa viza huenda wakaniuliza naenda wapi, kwa hiyo Jawaher, binti yao mkubwa, ananifundisha kijiji nikipiga pasi. Yeye anasoma kwenye simu, mimi narudia. Vaurelles iko juu ya kilima cha mawe — kama kwetu, nikamwambia, kwetu pia mawe ni makubwa kuliko nyumba. Zamani walilima zabibu. Wadudu wakala mizizi, mashamba yakafa, vijana wakaenda mjini kutafuta kazi. Shule ikafungwa. Wamebaki wazee na kengele ya kanisa.

Ehe, hiyo hadithi naijua. Hakuna haja ya kunifundisha.

Halafu vita. Mbele ya kanisa kuna jiwe lenye majina ya wanaume waliokwenda wasirudi, na watatu ni wa mama mmoja. Nikauliza, wamezikwa wapi? Jawaher akamwendea baba, akarudi na jibu. Mbali huko walikofia, na wengine hawakuonekana kabisa. Kwa hiyo yule mama alikuwa na maandishi tu ya kupapasa.

Nikaunguza kola ya kanzu ya baba. Nililia. Madam akadhani nalilia kanzu, akanipigapiga bega, mafi mushkila, Roza, hakuna shida.

Jumapili, 1 Mei

Sellah ametuma sauti kutoka Jeddah. Tulikuja ndege moja, sasa yuko kwa familia ya huko. Alikuwa mtaa wa Sharafiya anatuma pesa nyumbani, nyuma yake kelele za magari. Ati, wewe Rosebellah uko na akili kweli? Watu wanafia baharini wakitafuta Ulaya, wewe unabebwa na ndege! Ukifika toroka, mama yako atakuelewa.

Nilicheka. Kisha nikakasirika. Nitorokee wapi? Kijiji ambacho kila mtu anamjua mbuzi wa jirani! Na huu weusi wangu nijifiche nyuma ya kanisa?

Lakini ile "mama yako atakuelewa" nimeirudia kuisikiliza mara tatu.

Jumatatu, 9 Mei

Leo nimejaribu. Tukikata bamia na madam, nikaanza mbali kama tunavyoanza. Mama yake anaendeleaje na goti? Kwetu mvua imeanza. Agosti kwetu ni mwezi wa mambo ya ukoo . . . Nilitegemea aniulize mambo gani. Madam akasema inshallah, Septemba utaenda, utakaa miezi miwili. Halas, yamekwisha! Tena ameninunulia koti, kwa sababu eti asubuhi za kule zina baridi. Koti zuri, la rangi ya udongo. Madam angekuwa mbaya ningepumzika.

Kaka Dalmas ameandika: mafundi wameshapatikana, wazee hawangoji tena. Mkataa kwao mtumwa. Wah! Nimemkataa nani mimi?

Wakila chakula cha mchana baba akasema, viza ya Roza ikikataliwa basi, nyumba hii tutaifunga, yeye tumkatie tiketi ya Nairobi Julai kama mkataba unavyosema. Alisema hivi hivi tu, akiomba achari. Nikamsogezea achari, nikihesabu moyoni: Julai, kisha Agosti.

Jumanne, 17 Mei

Niko ofisi ya viza, naandika kwenye simu. Madam amekaa kando yangu na pasipoti yangu mkobani. Mbele yetu kuna dada Mfilipino na bosi wake. Dirisha lina tundu, kila kitu kinasikika. Hawakumuuliza kijiji. Hawakumuuliza mto wala kengele. Wamemuuliza kwa Kiingereza kitu kimoja: unasafiri kwa hiari yako? Akasema yes, ma'am. Wakagonga muhuri.

Kumbe ni hilo tu: nikisema no, viza hakuna, na Julai naenda nyumbani.

Na madam Kiingereza hicho anakielewa. Atasimama hapo hapo, ubavuni pangu.

Najaribu kimoyomoyo. No. No, ma'am. Miaka miwili karibu inaisha na neno hili sijawahi kumwambia mtu wa nchi hii. Hata nyumbani, sijui niliwahi kumwambia nani. Mama, nisaidie. Nitume shangazi gani kwenye dirisha la kioo?

Madam ananirekebishia shela, ananiambia tabasamu, Roza, usiogope.

Namba yetu hiyo. Amenishika mkono, tunasimama. Na mimi, mjinga mimi, nimeshaanza kuitikia kwa kichwa.