Sikusema Ngolo Zifukiwe

Mdogo wangu Bosko,

Pokea salamu zangu, ingawa leo zinakuja zimekunja uso. Shemeji hajambo? Watoto wamepona kikohozi? Mimi huku Ujerumani ni mzima wa mwili. Moyoni nachemka, na sababu unaijua, maana nimekupigia simu wiki nzima hupokei.

Jumanne nilikuwa chuoni nikiwaeleza wanafunzi utafiti wangu. Tunachukua gesi, tunaipasha moto mpaka inawaka na kuwa kitu kinachoitwa plazma, halafu tunaizuia kwa sumaku isiguse ukuta wa chombo. Binti mmoja akauliza, "Profesa, umejuaje kwamba haigusi?" Nilifurahi sana. Tukaenda maabara, tukafungua chombo, tukakuta ukuta umeungua. Kumbe inagusa. Miaka yote nafundisha hivyo: neno langu wasilimeze kwa kuwa mimi ni profesa, wanidai ushahidi.

Natoka hapo, Mama anapiga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akaniambia mvua imeteremsha udongo wa shamba la juu mpaka mtoni, pamoja na mahindi yaliyokuwa yameanza kuota. Nikamuuliza, ngolo je, yale mashimo yetu ya kuzuia maji?

"Si tulizifukia, mwanangu. Bosko alisema umeagiza wewe, kwamba mashimo ni mambo ya zamani, tupige matuta. Nikasema basi, profesa amesoma."

Bosko, niliagiza lini? Mimi nimesomea gesi na sumaku. Habari za mteremko wa kijijini kwetu Maguu nilifundishwa na Mama huyo huyo. Na hakunilaumu hata kidogo, ndiyo maana nimeumia hivi. Amechimba pale tangu alipoolewa, anajua maji yanapotaka kupita, lakini amefukia kazi yake kwa mikono yake kwa sababu ya jina langu, na wewe umesimama unamtazama.

Usinieleze kilimo cha kisasa. Ulichoka kulaza majani. Kwetu mwanamume anafyeka majani na kuyalaza miraba miraba, mwanamke anayafunika kwa udongo na kuacha shimo katikati. Sehemu yako ilikushinda, ukaona aibu kusema, ukamtwisha kaka aliye mbali. Uvivu ningeusamehe. Hili la kunilisha maneno mbele ya Mama limenichefua.

Sasa nisikilize. Barua hii nimemtumia shemeji, akukabidhi mkononi. Msomee Mama yote, usiruke mstari, na ukifika hapa mwambie kwa mdomo wako: kaka hakusema. Mwezi wa tatu, majani yakirefuka, nakuja likizo. Tutafyeka pamoja na kuyalaza, mimi na wewe, mpaka juu kabisa. Watu wakija kumshangaa profesa mwenye malengelenge mikononi, wewe ndiye utakayewaeleza imekuwaje.

Nisalimie mjomba wa Lundo, usipa wake, wale dagaa wa ziwani, ulinifikia na majirani zangu huku wamelalamikia harufu. Msalimie shangazi anayeuza samaki Mbamba Bay, na katekista wetu aliyenifundisha kusoma.

Mama usimpe salamu zangu. Mpe ukweli kwanza, halafu muulize kama bado anazitaka.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Kaka Xaveri