Ukuta Uliokataa Kuanguka

Chumba cha Mafundi,
Maabara ya Majengo,
S.L.P. 417.

9 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo! Na shikamoo ya pili, maana kwa miezi minne niliyokaa kimya moja haitoshi. Hujambo wewe? Magoti je, baridi ya huko bado inayaonea? Na Mkazamjomba, presha yake imetulia? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri, nawe unamjua dada yako: siku asiyogomba ndiyo ya kumwita daktari.

Sasa Mjomba, kaa kitako na uvae miwani, kwa sababu nina habari na nimeshindwa kuzipanga. Toka jana nacheka peke yangu njiani mpaka watu wananipisha.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimepata kibarua kwenye maabara ya chuo? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wananilipa nijenge ukuta ili wao wautie ufa! Kuna meza ya chuma pana kama chumba cha kulala, na chini yake mkono wa mashine unaoisukuma huku na huku kama tetemeko la ardhi. Mimi najenga ukuta juu ya meza, tunaumwagilia siku ishirini na nane ukomae, halafu wanautikisa. Wanaanza daraja la kwanza, la pili, wanapanda hadi uanguke. Wanataka kujua nyumba za watu wa kawaida, za tofali la kuchoma, zinahimili kiasi gani. Mara ya kwanza, mashine ilipoanza tu, niligeuka nikatazama pembeni. Kujenga kitu changu kivunjwe mbele ya macho yangu, we acha tu.

Mkubwa wa kazi ni mama mmoja tunayemwita Daktari, ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Msaidizi wake tunamwita Tarakimu. Huyo hujenga ukuta uleule ndani ya kompyuta, tofali kwa tofali, akautikisa humohumo bila kuchafua hata kidole. Kompyuta yake ilisema ukuta wangu utaanguka daraja la tatu.

Wa kwanza ulifika daraja la sita, Mjomba! La sita! Nilipiga vigelegele kama shangazi wa bibi arusi. Tarakimu akanuna, akasema mashine imekosea. Wakaikagua mashine, ikawa nzima. Nikajenga wa pili, saruji ileile, mchanga uleule. Ukaanguka daraja la tatu, palepale kompyuta iliposema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuta mbili, fundi mmoja, majibu mawili. Tarakimu akaniuliza mbele ya watu kama ukuta wa kwanza niliuongezea saruji kwa siri, kwa kuwa roho ingeniuma kuona kazi yangu ikianguka. Damu ilinichemka. Mimi, niliyelelewa na wewe, niibe kipimo! Daktari naye hakunitetea, ila aliuliza kwa upole kama kuna kitu chochote nilichobadilisha kati ya ukuta ule na huu. Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba sikubadilisha kitu, hata chembe. Akasema bila sababu inayoeleweka itabidi kuta zote mbili zitupwe nje ya utafiti, na badala yangu atafutwe fundi mwingine. Alisema kwa huzuni, lakini alisema.

Mjomba, kazi ningepata nyingine. Kilichonitafuna ni jina. Ukishaitwa fundi mwizi wa kipimo, hata ukijenga msikiti watakuja kuupima.

Nikawaambia basi, najenga tena hapahapa, nanyi mkae mnitazame. Pimeni saruji wenyewe. Tarakimu akaleta mizani, kiti na daftari, akakaa karibu yangu kama mkwe anayesubiri mahari. Kila nilichogusa aliandika. Nikapuliza pua, naapa hata hilo aliandika.

Nilikuwa mstari wa nne aliponiuliza kwa nini nayaogesha matofali.

Nilimcheka. Wewe unajua: pipa pembeni, tofali linazama mpaka liache kutoa mapovu, ndipo linapandishwa ukutani. Ulinifundisha hivyo nikiwa sijaota ndevu, na siku niliyojaribu kupandisha kavu ulinigonga kwa mpini wa mwiko hadi leo kidole kinakumbuka. Kwangu mimi hiyo si kazi, ni kama kuvua viatu mlangoni. Nikamwambia kila fundi wa maana anafanya hivyo, tofali kavu lina kiu, litanyonya maji yote ya saruji.

Akaniuliza tena, polepole, kama ukuta wa pili nao niliuogesha.

Mwiko ulinidondoka. Ile wiki bomba la maabara lilikuwa limekatwa! Tulibaki na pipa moja, maji ya kuchanganyia tu. Nikapandisha kavu, nikajisemea ukuta wenyewe wa kuvunjwa, wa nini kuupamba. Na nikaapa, Mjomba. Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba sikubadilisha kitu, wala sikudanganya, kwa sababu haikunijia kabisa kwamba maji ya tofali ni kitu cha kuhesabiwa. Mazoea yana taabu.

Daktari alipoambiwa hakukasirika. Alikimbia! Mama mtu mzima, na viatu vyake vya kisigino, akaja kupiga magoti kwenye pipa langu kutazama mapovu. Akaagiza zijengwe kuta mbili ubavu kwa ubavu, mmoja wa tofali zilizooga na mmoja wa tofali kavu, saruji ipimwe na mtu wa tatu. Zile siku ishirini na nane za kungoja zilikuwa ndefu kuliko mimba.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Chumba kilijaa, hadi wapishi wa kantini walikuja. Daraja la kwanza, kimya. La pili, vumbi kidogo. La tatu, ukuta mkavu ukafunguka kwenye maungio ukalala chini puu! Ulioogeshwa umesimama unatutazama. La nne. La tano. La sita, nimeshika kichwa. La saba ndipo ulipopasuka, na hata hapo haukuanguka, ulipasuka tu ukabaki umesimama.

Tarakimu alikwenda kwenye kompyuta akabadilisha namba moja tu, ile inayosema saruji inalishikaje tofali. Ukuta wake wa ndani ukapasuka palepale uliponipasukia mimi, ufa kwa ufa. Alirudi akaniomba radhi mbele ya wapishi na wote, nami nikamwomba radhi kwa kiapo changu. Daktari amesema nitatajwa kwenye ripoti, na nimemwambia sentensi hiyo haitatoka bila wewe ndani yake. Amekubali. Kwa hiyo anza kutembea kifua mbele huko uliko.

Kuna jingine, na hili naliandika mkono ukiwa mzito.

Jana nikiwa bado nacheka, nilifika nyumbani nikaingia chumba cha mama kumpa habari, nikakumbuka nilikijenga mwaka gani. Ni ule mwaka kisima kilipokauka, tukanunua maji kwa madumu. Nilipandisha kavu, Mjomba, kuta zote nne. Nikapanda ngazi, nikashika tofali la mstari wa juu, nikalivuta. Lilitoka kwa mkono mmoja. Lilikuwa safi upande wa chini, halina saruji hata ya kujaza kucha.

Mama alianza kugomba kwamba ukuta haujamfanya kitu miaka saba. Nikampa tofali alishike. Aliligeuza, akalipangusa kwa kanga, akatazama kitanda chake kilipo. Kisha alianza kukunja shuka.

Amehamia sebuleni. Leo asubuhi nimebomoa ukuta wa kwanza, na pipa la maji lipo tayari. Najua utanisema, na una haki, maana uliniachia dada yako nimtunze, nami nimemlaza miaka saba chini ya matofali yaliyokaa tu. Nisamehe kwanza wewe, kwa kuwa yeye ameshanisamehe kabla sijamwomba.

Nisalimie sana Mkazamjomba, binamu zangu wote, hasa yule Kifungua Mimba mwenye maneno, na wajukuu. Mama anakusalimu. Mungu akuzidishie siku na akulaze salama kila usiku, na paa lililo juu yako libaki juu.

Mimi mpwa wako, ninayekupenda kama baba,

Timazi.