Barabara Niliyoifunga Mimi

Nyumbani,
Jumatano asubuhi, tarehe 17.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi hali yako, na mgongo, na shemeji, na yule paka wenu mwenye kiburi? Sisi huku tu wazima kwa kiasi cha watu wanaogombana kutwa na bado wanakula meza moja. Mama hajambo isipokuwa nyonga, wifi yako hajambo isipokuwa mimi, na mimi sijambo isipokuwa wote waliobaki. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunidakia maneno, na haya niliyo nayo leo nikikatizwa katikati sitarudi kuyamalizia. Kwa hiyo vua viatu, kaa, usome kuanzia juu kwenda chini. Nakujua, wewe hata kitabu hukianzia ukurasa wa nyuma.

Ni habari ya safari ya mbugani. Imenitoa jasho ambalo lori la tani thelathini halikuwahi kunitoa.

Unakumbuka kwamba mama atafanyiwa upasuaji wa nyonga tarehe tano mwezi ujao, na daktari amesema baada ya hapo asahau safari ndefu ya gari kwa nusu mwaka, pengine zaidi. Ana miaka sabini na minne na hesabu hizo anazijua kuliko daktari. Ndipo akatamka, tena mbele ya wote, kwamba kabla hawajamchana anataka kumwona tembo. Si wa kwenye televisheni. Wa kwenye televisheni anasema analingana na paka wako. Kumbuka miaka ishirini na miwili aliyokaa kiwandani akidarizi kile kichwa cha tembo kwenye mifuko ya mashati ya askari wa mbuga, na namna alivyobishana na msimamizi wake kwamba sikio walilomchorea ni dogo mno, sikio la ng'ombe. Maelfu ya tembo yamepita mikononi mwake na hajamwona hata mmoja anayepumua. Anataka kwenda kuhakikisha.

Basi nikasimama. Unanijua nikisimama. Nikasema tembo ataonekana, na atakayempeleka ni mimi, na usukani sitamwachia mtu. Nikawakumbusha kwamba mbele yao amesimama mtu aliyevuka mipaka minne, anayejua kusema nipishe kwa lugha saba na kutukana kwa tisa. Darasani niliishia la sita, na la sita lenyewe nililitokea dirishani, lakini barabarani mimi ni profesa. Mama akacheka mpaka akashika nyonga. Ningejua, ningeishia hapo.

Tatizo la kwanza, mbuga yenyewe inapendwa kupita kiasi. Siku hizi huendi tu ukabisha hodi. Unaweka nafasi wiki kadhaa kabla, kama vile simba naye ana vikao. Nikaenda ofisi yao ya hapa mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la dobi, unapanda ngazi unanusa mvuke wa pasi. Ukutani wamebandika orodha ya siku zenye nafasi. Nikasoma, nikachagua tarehe kumi na nane, nikamwambia karani aniandikie familia yangu katika siku ile ya mwisho kwenye orodha. Akaandika. Tarehe kumi na nane mwezi uliopita nikaenda kuchukua kibali, nimevaa koti langu la ngozi, karani ananiambia siku yangu ilipita siku tano nyuma. Dada, niliwaka. Nilimwambia kalamu anaitafuna badala ya kuandikia. Yule mama karani hakupandisha sauti. Alizunguka meza, akanishika mkono hadi ukutani, akaweka kidole kwenye orodha. Watu kumi waliokuwa kwenye foleni wakasoma pamoja naye kama watoto wa chekechea: kumi na tatu. Nikasema mashine yao imechapa vibaya. Nadhani karani alinihurumia, maana alipekua daftari akanipatia nafasi ya familia iliyojitoa, Jumamosi tarehe 27 mwezi huu. Akanionya kwamba kabla ya upasuaji wa mama hakuna nyingine.

Nikarudi nyumbani na tarehe hiyo kama nimeshinda uchaguzi. Mdogo wetu kinyozi akasema Jumamosi haiwezekani, ndiyo siku vichwa vinapoota nywele, twende Jumatatu. Nikamwambia tembo hawamngojei yeye awapunguze masharubu. Akanuna siku nne. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba akae dirishani. Mjomba naye akasikia neno dirisha akadai kiti cha mbele, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu eti njia anaijua. Anaijua vipi? Alilinda kambi ya wajenzi wa barabara miezi mitatu, enzi zile redio ilikuwa kubwa kama kabati. Hiyo redio nayo anataka kuja nayo, pamoja na kiti cha kukunja na mito miwili. Wifi yako ndiye mwenye orodha ya vitu, na orodha ameiandika upya mara tatu, na kila mara inazaa. Sufuria nne! Nilimuuliza kama tunakwenda kutazama wanyama au kuwafungulia mgahawa. Akasema nishughulike na gari, la chakula si langu.

Gari ndilo lililonimaliza. Kigari chetu cha viti tisa unakijua, injini inaimba. Lakini kioo cha mbele kikaanza kunipa ukungu, hasa upande wa kulia. Nikampelekea fundi. Akasugua kioo, akabadilisha mipira ya kufutia mvua. Ukungu uleule. Nikarudi, nikamwambia basi ni taa, akaweka taa mpya. Ukungu uleule. Mara ya tatu aliketi mwenyewe kwenye kiti cha dereva, akatazama ng'ambo ya barabara, akasema anamwona mjusi kwenye ukuta wa jirani na angeweza kumhesabia vidole. Akaniambia kwa adabu zote, kaka yangu, kioo hiki ni kizima. Nikamwambia yeye ni fundi wa matoroli. Nikaondoka na kibuyu cha hasira kifuani, nikigombana na kila mwenye magurudumu.

Halafu likaja la barabara. Siku kumi zilizopita, Jumapili, wote wakiwa mezani, nikawatangazia kwamba barabara ya mbugani imefungwa. Daraja linakarabatiwa, nikasema, hakuna kupita mpaka baada ya miezi miwili. Mjomba akawatukana wahandisi wote mpaka wale walioko kaburini. Kinyozi akapiga meza, akasema alishawaaga wateja. Wifi yako alinitazama namna ile ya kumtazama muuzaji anayebana mizani.

Mama alinyanyuka polepole akaenda chumbani. Nikamfuata. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu wiki mbili nyuma, liko juu ya kiti. Akalifungua, akatoa gauni, akalitundika. Akatoa viatu vya raba alivyonunuliwa na wewe, akavirudisha kwenye boksi lake. Akatoa kipande cha mfuko wa shati, chenye tembo aliyemdarizi mwenyewe, alichokuwa akibeba ili kulinganisha. Hicho alikishika kidogo. Kisha akakitia kwenye kopo la vifungo akafunga kifuniko. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Sasa dada, ukiwa umesimama, keti tena.

Barabara haijafungwa. Daraja ni zima kuliko mimi. Barabara ile niliifunga mwenyewe, kwa mdomo, pale mezani, nikiwa na tonge mkononi.

Siku tatu kabla ya tangazo langu nilimchukua wifi yako tukajaribu gari. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali alitokea mtu upande wa kulia, anasukuma mkokoteni wa magodoro. Magodoro sita, dada, marefu kama nyumba. Mimi sikuyaona. Wifi yako alipiga ukelele akaudaka usukani, tukapanda ukingo wa njia, yule bwana akaanguka na magodoro yakamwangukia. Ndiyo yaliyomwokoa. Alitoka chini yake akijikung'uta, akanijia mpaka dirishani, akaniuliza kama mimi ni kipofu. Ni tusi la kawaida la barabarani, mimi mwenyewe nimeligawa bure miaka ishirini na sita. Siku ile lilinifikia kama swali.

Wifi yako nilimwambia ni jua. Kesho yake nikaaga kwamba naenda kuangalia matairi, nikaenda hospitali ya macho. Wakanipulizia upepo, wakanimulika, wakanifanya nitafute vinukta vya mwanga kwenye bakuli kubwa jeupe. Nilidhani wanachelewa kuviwasha. Kumbe vilikuwa vinawaka, mimi ndiye nisiyeviona. Daktari, binti mdogo wa kumzaa mimi, akasema ni presha ya macho, ya siku nyingi. Jicho la kulia limebaki na ukungu, na la kushoto linaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone itashikilia kilichobaki. Kuhusu kuendesha, alisema la, na alilisema mara moja tu.

Na kwa kuwa nimeanza kutapika, nitapike yote. Mwaka jana nilikuambia niliacha lori kwa sababu tajiri hana adabu. Tajiri ana adabu zake. Kampuni ilitangaza madereva wote wapimwe macho, na mimi niliacha kazi siku mbili kabla ya zamu yangu. Nilikuwa najua, dada. Nilijua bila kujua, unanielewa? Nililaumu mvua, nikalaumu taa za wenzangu, karani na fundi. Nilibakiza kumlaumu tembo.

Utauliza kwa nini sikusema tu. Wewe ulisoma, una cheti ukutani. Mimi ukutani sina kitu. Mimi mtaa mzima unaniita Kilomita, na ukiniondoa kwenye usukani sijui jina hilo nalibeba kwenda nalo wapi. Nikaona afadhali mama alie na wahandisi kuliko kunilia mimi. Nilikuwa mjinga. Nimemnyima mama yangu kitu pekee alichowahi kuniomba, ili nibaki na sifa ya dereva.

Kwa hiyo naomba. Neno hili halijazoea kinywa changu, lisome taratibu. Nafasi ya tarehe 27 ipo, sikuifuta, mkono ulikataa. Njoo uendeshe wewe. Kinyozi hawezi, aliwahi kugonga geti la chuo cha udereva siku ya kwanza ya masomo. Dereva wa kukodi mama hamtaki, anasema hawezi kumwambia mgeni asimame kila saa kwa ajili ya nyonga. Lakini wewe miaka kumi unaendesha gari la zahanati na wagonjwa wanafika wakiwa bado wagonjwa tu, hakuna aliyezidi. Najua nilikuita Konokono mbele za watu, na kwenye harusi ya binamu niliigiza unavyopangua gia, watu wakavunjika mbavu. Ilikuwa inachekesha, siwezi kudanganya. Lakini ilikuwa dhuluma. Unaendesha vizuri. Ndiyo, nimeandika. Unaweza kuitundika karibu na cheti.

Mama nimemwambia leo asubuhi, kabla sijashika kalamu. Alikuwa anapiga pasi. Akaisimamisha pasi, akanisikiliza mpaka mwisho. Cha kwanza aliuliza kama yule mtu wa magodoro aliinuka salama. Cha pili, kama macho yananiuma. Nikasema hayaumi. Ndipo akanishukia. Alisema macho si kosa langu, hata babu yetu alikufa akipapasa kuta, lakini barabara ni kosa langu, na kwamba tangu azaliwe hajaona mtu wa kufunga kilomita mia nne kwa ulimi. Siku kumi, akasema, siku kumi nimekaa na begi tupu kwa ajili ya kiburi chako. Alilia kidogo. Mimi nililia kidogo zaidi, lakini hiyo ibaki kwetu.

Kisha akanyoosha mkono akataka funguo za gari. Nikampa. Amezifunga kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili, akaniamuru nikuandikie hapo hapo. Sasa koti langu la ngozi limo ndani ya gari, na kumepoa. Nimemwomba anifungulie nilitoe tu. Amekataa. Amesema mlango wa gari lile utafunguliwa na wewe.

Barua naipeleka kwa dereva wa basi la saa nne, kesho utakuwa nayo mkononi. Fika Ijumaa ya tarehe 26, hata jioni. Msalimie shemeji na umwombe radhi kwa kumnyang'anya mke. Wifi yako anakusalimu. Naye nimemwambia, akasema jua la siku ile alilijua. Mjomba na kinyozi watakusalimu wakishamaliza kunitukana, kwa maana hao nitawaambia leo mchana.

Fanya haraka, dada. Nasikia baridi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Kilomita,
abiria.